Subira Ndefu, Haraka Moja

Makorongo yanayoshuka kutoka milima ya Upare Kusini hadi tambarare ya Maore huleta mawe kila msimu wa mvua. Maji yakipungua, mtu aliyezoea kutazama huyatenga mawe hayo kwa macho tu, bila kuinama. Yapo mawe ya naisi, yenye mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda. Yapo mapande ya kwatzi nyeupe. Ndani ya naisi nyingi mna punje zenye wekundu ulioiva, nyingine ndogo kuliko mtama, nyingine zenye upana wa ukucha; hizo ni ganeti. Ukanda huuhuu wa miamba, ukiufuata kusini-mashariki hadi bonde la Umba, hutoa rubi na safaya. Ukiufuata kaskazini-magharibi hadi Mererani, hutoa tanzanaiti.

Pamoja na utajiri huo, mchimbaji anayeijua kazi yake hapotezi siku kutafuta almasi Maore. Almasi ya Tanzania hutoka Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, mbali sana magharibi ya hapa. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Ni tofauti ya karakana: kina chake, joto lake, na zaidi ya yote utulivu wake. Ili kuiona vizuri kazi ya almasi, inafaa kuanza na kazi iliyofanyika hapa Upare, ambayo nayo ni nzuri, ila iliishia njiani.

Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalisogeleana na kubanana mahali ambapo leo ni mashariki ya Tanzania. Matope na mchanga wa bahari za kale, pamoja na miamba mikongwe zaidi, vilisukumwa chini ya safu ya milima mikubwa ambayo imekwisha kumomonyoka. Vilifika kina cha kilomita 30 hadi 40, na joto likapanda hadi nyuzi 800 hivi. Sehemu kubwa haikuyeyuka; ilipangwa upya ikiwa bado ngumu. Alumini, chuma na silika vilivyokuwa vimetawanyika ndani ya tope vilikusanyika vikawa ganeti. Mabaki ya viumbe wa baharini, ambayo ni kaboni, yakawa kinywe, yale madini meusi laini yanayotiwa ndani ya penseli. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa huko, anapotoka shimoni Mererani akiwa mweusi uso mzima, weusi ule ni kinywe. Amepakwa kaboni, na almasi nayo ni kaboni hiyohiyo.

Kinachotofautisha ni mshiko. Katika kinywe, kila atomi ya kaboni imeshikana na jirani watatu, wote wakiwa wamelala bapa. Bapa moja hukaa juu ya jingine bila kufungwa sana, na ndiyo maana kinywe huteleza kidoleni na kuacha alama kwenye karatasi. Katika almasi, kila atomi imeshika jirani wanne, waliosambaa pande zote kwa nafasi sawa. Hakuna bapa la kuteleza. Mshiko huo wa nne hauji wenyewe. Unahitaji mgandamizo wa kuzisogeza atomi zikaribiane kuliko zinavyopenda. Kilomita 35 chini ya ardhi, mwamba ulio juu hukandamiza mara 10,000 hivi kuliko hewa tunayovuta. Kwa almasi, katika joto la nyuzi 1,000 na zaidi, inatakiwa iwe mara 45,000 hadi 60,000. Karakana ya Upare ilikuwa na moto wa kutosha. Uzito ndio uliopungua.

Uzito wa kutosha hupatikana kuanzia kina cha kilomita 150 hivi na kwenda chini hadi 200. Chukua barabara yote kutoka Same mjini, upite Mwanga na Moshi hadi Arusha, kisha uisimamishe wima ardhini: huko mwisho wake ndiko almasi nyingi zinakotengenezwa. Lakini kina peke yake hakitoshi. Chini ya sehemu nyingi za dunia, ukifika kilomita 150 joto limekwisha kupita nyuzi 1,300, na mwamba, ingawa haujayeyuka, umelainika kiasi cha kutiririka polepole. Kinachoanza hapo hakiachwi kikae. Husukumwa, huchanganywa, huinuliwa, huzamishwa. Almasi inataka mahali penye uzito wa kina kirefu na joto la wastani, mahali pagumu ambapo jambo likiwekwa leo litakutwa palepale baada ya miaka bilioni.

Mahali pa namna hiyo ni pachache duniani, na pamojawapo pako chini ya Usukuma na Unyamwezi. Majabali ya granaiti ambayo msafiri huyaona yakiwa yamebebana kando ya ziwa pale Mwanza ni sehemu ya juu ya ardhi kongwe ambayo wanajiolojia huiita kratoni ya Tanzania. Ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Chini yake kuna mzizi wa mwamba mgumu, uliopoa zamani sana, unaoshuka kilomita nyingi kuliko ardhi inayouzunguka. Bonde la Ufa lenyewe, lilipofika kwenye kratoni hiyo, halikuipasua. Liligawanyika likapita mashariki yake na magharibi yake. Milima ya Upare iko nje ya mzizi huo, katika ukanda uliobanwa pembeni mwake. Ndiyo sababu Upare una ganeti za kuokota korongoni, na Shinyanga ina almasi.

Sasa malighafi. Wengi wetu tulisikia tukiwa wadogo kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyobanwa sana. Sivyo. Makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka yalitokana na mimea iliyoota katika mabonde yenye maji chini ya miaka milioni 300 iliyopita, na yamelala karibu na uso wa ardhi. Almasi nyingi zilikwisha kukamilika kabla jani la kwanza halijaota nchi kavu. Kaboni yake ina asili mbili. Nyingine imo ndani ya dunia tangu dunia ilipoumbwa. Nyingine ilikuwa juu, kwenye sakafu ya bahari, ikazama pamoja na sakafu hiyo ilipoteleza chini ya bara, ikashuka na mwamba wake hadi kwenye mizizi. Asili hizo mbili zinaweza kutambuliwa hata leo, kwa kupima uwiano wa kaboni nyepesi na kaboni nzito ndani ya jiwe lenyewe, na kwa kutazama madini yaliyonaswa humo.

Huko chini kaboni haifiki ikiwa kavu. Husafiri ndani ya vimiminika vya moto, pamoja na maji, chumvi na gesi, vikipenya katika nyufa na katika mipaka ya punje za mwamba. Mwamba wenyewe ni mzito, wa kijani, umejaa olivini. Kimiminika kinapopita, mwamba hubadilishana nacho oksijeni: mahali pengine huichukua, mahali pengine huitoa. Kaboni iliyokuwa imefungwa na oksijeni, au na haidrojeni, huachwa pweke. Ikiachwa pweke mahali penye uzito ule, hushika jirani wanne. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ukubwa wake hauonekani hata kwa darubini ya kawaida: atomi chache zilizojipanga sawasawa katika ufa wa mwamba.

Baada ya hapo kazi ni kurudia. Atomi inayofuata hukaa mahali panapolingana na zile zilizotangulia, na inayofuata vivyo hivyo. Kila uso hujazwa tabaka baada ya tabaka. Kwa sababu nyuso fulani hukua taratibu kuliko nyingine, nyuso hizo ndizo zinazobaki, na fuwele hupata umbo lake la asili: piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, nyuso nane za pembetatu, kingo zilizonyooka. Hakuna aliyeinoa. Umbo hilo la nje limetokana na mshiko wa ndani kabisa, kwa kuwa kila atomi imekaa pale inapostahili. Atomi moja ikikaa upogo, tabaka linalofuata huanza kupinda, na fuwele nyingi hupinda kweli, au huungana na jirani zake zikawa bonge la punjepunje lisilofaa pete, ambalo huishia kwenye ncha za mashine za kutobolea miamba. Fuwele nzima yenye nyuso nane safi ni kazi iliyopata nafasi, malighafi na utulivu kwa pamoja.

Kazi hii haiendi mfululizo. Mtaalamu anapoikata almasi katikati na kuielekezea mwali wa elektroni ndani ya chumba cha giza, jiwe hung'aa kwa mistari: tabaka angavu, tabaka hafifu, tena angavu. Kila mstari ni kipindi cha ukuaji. Kati ya mistari huonekana mahali ambapo kimiminika kilikauka na kazi ikasimama, au kilirudi kikiwa cha aina nyingine kikala pembe za fuwele kabla ya kuanza kuijenga upya. Kwenye baadhi ya mawe, kiini na tabaka la nje vimepishana kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Lakini mstari wa baadaye huanza pale wa mwanzo ulipoishia, na mpango wa atomi unaendelea bila kukatika. Kazi imelala kwa muda mrefu kuliko umri wa wanyama wote duniani, kisha ikaamka na kushika palepale.

Fuwele inapokua hufunika vitu vilivyo jirani: punje ya olivini, punje ya ganeti, kidoa cheusi cha salfaidi. Ganeti hizo si zile za Upare. Nyingi zina magnesi nyingi, na baadhi zina kromi inayozipa wekundu wenye zambarau. Zikishafunikwa, hakuna kinachozigusa tena. Almasi ni sanduku lisilopitisha kitu, na kilichomo hubaki kama kilivyokuwa siku ya kufungwa. Kwa njia hiyo tunajua kina na joto la karakana, kwa kuwa muundo wa madini yaliyonaswa hutegemea mambo hayo mawili. Na kwa njia hiyo tunajua umri. Ndani ya salfaidi mna reniamu kidogo, ambayo hugeuka osmiamu kwa mwendo unaojulikana. Ukipima kiasi cha kila moja, unapata muda tangu kidoa kilipofungiwa. Majibu huwa ni kati ya miaka bilioni moja na bilioni tatu na nusu.

Kisha huja kungoja, na kungoja kwenyewe ni sehemu ya kazi. Almasi nyingi zina naitrojeni ndani yake, atomi iliyochukua nafasi ya kaboni hapa na pale wakati wa kukua. Mwanzoni atomi hizo huwa pwekepweke, na upweke huo hulitia jiwe manjano makali. Lakini katika joto la nyuzi 1,000 na zaidi, atomi za naitrojeni husogea. Husogea polepole mno, nafasi moja baada ya nyingine, ndani ya kitu kigumu kuliko vyote vya asili tunavyovishika. Baada ya muda mrefu zinakutana mbili mbili. Baada ya muda mrefu zaidi jozi zinakutana, zikawa nne nne kuzunguka nafasi iliyo wazi. Jozi hazinyonyi mwanga kama wapweke wanavyounyonya, na manjano hupungua. Kwa hiyo weupe wa almasi nyingi unazosikia zikisifiwa si usafi wa kuzaliwa nao. Ni matokeo ya kukaa. Mwaka 1954 watafiti wa kampuni ya General Electric, Marekani, walitengeneza almasi ndani ya mashinikizo yao, na tangu wakati huo fuwele za kiwandani zilizotengenezwa kwa siku chache zimekuwa zikitoka na manjano ya naitrojeni pweke, isipokuwa naitrojeni izuiwe kwa makusudi. Mashine ilipata uzito na moto. Muda haikuupata.

Rangi nyingine zina historia yake. Boroni kidogo huleta ubluu. Waridi huletwa na jeraha: jiwe lilibanwa upande mmoja likiwa motoni hadi matabaka ya atomi yakateleza kidogo, kisha likabaki na mkunjo huo. Mwadui inajulikana kwa mawe ya waridi. Mwaka 1947 lilipatikana moja la karati 54.5, likapewa zawadi Binti Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Baada ya kukatwa lilibaki na karati 23.6, likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Waliolitazama walisifu rangi. Rangi ile ni kumbukumbu ya siku ambayo mzizi wa bara, kwa nadra, ulitikisika.

Mpaka hapa kila kitu kimekwenda taratibu. Safari ya kupanda ni kinyume chake. Almasi ikiinuliwa polepole, mgandamizo hupungua wakati joto bado lipo, na mshiko wa nne huanza kulegea: jiwe hurudi kuwa kinywe, au hushikana na oksijeni likapotea likiwa gesi. Kwa hiyo anayeibeba lazima awahi. Mbebaji ni kimbalaiti, mwamba ulioyeyuka kwa kiasi kidogo sana chini ya mzizi, uliojaa maji na gesi ya ukaa. Hupasua njia yake, hubomoa kuta za mwamba anapopita na kuchukua vipande vyake, na baadhi ya vipande hivyo vina almasi. Kadiri anavyopanda, gesi hutanuka na kumwongezea kasi. Wanajiolojia wanakadiria kwamba safari nzima, kutoka kina cha kilomita 150 na zaidi hadi juu, huchukua saa kadhaa au siku chache.

Hapa Upare ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Walikusanya mchanga wa chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na kazi ya mvukuto ni ya saa nyingi zisizo na jipya. Lakini chuma kikishatoka motoni, mhunzi hana tena muda wa mazungumzo, akichelewa kimepoa. Kazi ya almasi ina mpangilio huohuo, ila vipimo vyake vimenyooshwa kupita kiasi: miaka bilioni mbili ya mvukuto, na siku moja ya nyundo. Tumezoea kuambiana kwamba haraka haraka haina baraka. Hapa ipo haraka moja yenye baraka, na bila subira iliyoitangulia isingekuwa na kitu cha kubeba.

Hata hivyo safari huacha alama. Kimbalaiti hula jiwe analolibeba. Kingo kali za piramidi huyeyuka kwanza, nyuso nane huanza kuvimba, na almasi nyingi hufika juu zikiwa mviringo, zimepoteza sehemu kubwa ya uzito zilioanza nao. Ukizitazama kwa lenzi, nyuso zilizobaki zina vishimo vidogo vya pembetatu, vimepangwa kwa ncha zinazoelekea upande mmoja. Havikuchongwa na mchanga wala mto. Ni mahali ambapo atomi zilibanduliwa moja moja, na hata katika kubanduliwa zilifuata mpangilio wa fuwele. Mkaguzi wa almasi huvipenda vishimo hivyo, maana kioo kilichovunjika hakina uwezo wa kuviigiza.

Tanzania ina mamia ya mahali ambapo kimbalaiti ilipanda, na pachache tu ndipo penye almasi ya kutosha kuchimbwa. Pengine mbebaji alianzia juu mno, pengine alipita mahali pasipo na kitu, pengine alichelewa akavila alivyovibeba. Huko mkoani Tabora viko vilima vya Igwisi, volkano changa kuliko zote za kimbalaiti zinazojulikana duniani. Zililipuka yapata miaka 12,000 iliyopita, na kwenye mizani ya kazi hii hiyo ni leo asubuhi. Mwadui ni ya zamani zaidi, takriban miaka milioni 40. Mlipuko wake ulifungua shimo kubwa, lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, na ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya kimbalaiti yaliyowahi kuchimbwa. Sehemu nyingine duniani mvua na mito vimekwisha kuondoa sehemu ya juu ya mabomba kama hayo na kubakisha shina. Usukumani mmomonyoko ulikuwa mdogo. Tope lililotulia ndani ya ziwa la kreta bado lipo, likiwa na almasi zilizooshwa kutoka kwenye kingo zake.

Juu ya ardhi hakuna kinachong'aa. Kimbalaiti huoza haraka kuliko granaiti. Huwa udongo wa manjano, chini yake mwamba wa kijani na kibluu, kisha majani huota juu. Anayetafuta hafuati almasi, anafuata wenzake wa safari: ganeti zenye kromi, na ilmenaiti nyeusi inayometa. Punje hizo ni nyingi kuliko almasi kwa maelfu. Mtafutaji huchukua udongo, huuosha kwenye chekeche, huhesabu punje, husogea mbele, huosha tena. Zikiongezeka yuko njiani, zikipungua amepita. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alifanya kazi ya namna hiyo Tanganyika kwa miaka kadhaa, huku pesa zikimwishia, mpaka mwaka 1940 alipoifikia Mwadui.

Kuitoa almasi ndani ya mwamba kunahitaji adabu ileile. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, na mwamba wa Mwadui hutoa kama karati sita kwa kila tani 100. Maana yake, malori kadhaa ya mwamba yanabeba kitu chenye uzito wa gramu moja na kidogo. Mwamba huvunjwa kwa hatua, kila mara kidogo, kwa sababu almasi ni ngumu lakini haistahimili pigo: ukiipiga sambamba na uso wake wa piramidi hupasuka vipande viwili safi. Kokoto husuguliwa kwa maji hadi tope litoke, kisha hupitishwa katika uji mzito wa maji na unga wa ferosilikoni. Mawe mepesi huelea na kutupwa. Almasi, ambayo kila sentimita yake ya ujazo ina gramu tatu na nusu, huzama pamoja na ganeti na ilmenaiti, wenzake walewale. Baada ya hapo hutenganishwa kwa tabia zake. Zamani kokoto zilimiminwa pamoja na maji kwenye meza zilizopakwa grisi: mawe mengine hulowana na kuteleza, almasi hailowani, hivyo hunasa. Siku hizi hupitishwa chini ya miale ya eksirei. Almasi huwaka kidogo, kifaa huiona, na pumzi ya hewa huipuliza kando.

Mwisho huja meza ya mchambuzi. Ana mwanga mweupe, karatasi nyeupe, lenzi na kibano. Huanza na ukubwa, kwa vichujio. Kisha umbo: zenye nyuso nane kamili upande huu, zilizoviringika upande ule, zilizovunjika, zilizo bapa, mabonge. Kisha rangi, kisha usafi wa ndani. Hashiki jiwe moja kwa muda mrefu. Huligeuza mara mbili au tatu, hulitazama kupitia uso ulio bapa kuliko nyingine, halafu huliweka fungu lake, na mara chache hubadilisha uamuzi. Anachokisoma kwa sekunde hizo ni hatua zote zilizotangulia: kingo zinamwambia mbebaji alikula kiasi gani, rangi inamwambia naitrojeni ilikaa vipi, mistari hafifu juu ya uso inamwambia kama jiwe lilibanwa likateleza.

Halafu hukutana na jiwe lenye kidoa ndani. Kwa mnunuzi hiyo ni dosari, na bei hushuka, kwa kuwa mkataji atalazimika kukata kando yake au kukificha chini ya pembe. Kwa mjiolojia jiwe hilo ndilo la kuombwa. Safi kabisa ni zuri, lakini halina njia ya kusema lilianza lini. Lenye kidoa cha salfaidi linayo. Likibahatika kufika maabara, litapasuliwa, kidoa kitolewe, kiyeyushwe, reniamu na osmiamu vipimwe, na mwishoni jibu moja la miaka lisomwe. Jiwe lenyewe halitavaliwa na mtu. Lakini karibu kila tunachokijua juu ya kazi iliyoelezwa hapa, kina chake, joto lake, vituo vyake na urefu wa subira yake, tumekijua kwa mawe ya aina hiyo, ambayo soko liliyaweka fungu la mwisho.